Ramani na safari za dharura vijijini: yanayosemwa na yalivyo

"Kijijini hakuna intaneti, kwa hiyo ramani ya simu haina kazi."

Simu hupata mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya satelaiti za GPS, na kazi hiyo haihitaji intaneti wala bando. Kinachohitaji intaneti ni kupakua ramani, na hiyo unaifanya mapema, ukiwa penye mtandao. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hutunza ndani ya simu ramani ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na dereva akaitumia hata pasiposhika mtandao kabisa.

"Mgonjwa apelekwe kituo kilicho karibu zaidi kwenye ramani."

Dhana hii inaua. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, kwa hiyo cha kupimwa ni muda, si kilomita. Chukua bonde la Kilombero, Tanzania. Kabla daraja halijajengwa, mtu wa upande wa Ulanga aliyepewa rufaa ya Ifakara alisubiri kivuko, hata kama mji ulikuwa ng'ambo tu ya mto. Kipimo cha rula kisingekuonyesha hilo.

Shirika la Afya Duniani lina programu ya AccessMod, inayokadiria muda wa safari kwa kuzingatia mwinuko, mito, aina ya barabara na chombo kinachotumika. Barabara ile ile hutoa jibu moja kiangazi na jingine masika. Ndiyo maana mpango wenye ramani moja ya mwaka mzima mimi siuamini.

Tena kufika si kutibiwa. Zahanati haina chumba cha upasuaji. Alama ya msalaba kwenye ramani haitoshi. Iandikwe pia wapi wanafanya upasuaji, wapi kuna damu ya kuongezea. Bila hivyo mjamzito atapelekwa kwanza pasipo na msaada anaohitaji, kisha aanze safari ya pili akiwa amechoka zaidi.

"Kampuni kubwa zimeshachora kila kitu."

Tafuta jina la kitongoji chako uone. Tangu 2015, wanaojitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora nyumba na barabara za vijijini Tanzania kutokana na picha za satelaiti, na ramani yao iko wazi kwa wote. Lakini picha ya angani haijui jina la mahali. Haijui pia kwamba korongo lile hujaa maji kila Aprili, au kwamba njia ile inapitisha bodaboda lakini gari litakwama. Hayo anayajua mwendesha bodaboda, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwenyekiti wa kitongoji. Wakikosekana mezani, mchoraji anabaki kukisia.

"Shida ni magari ya wagonjwa tu."

Magari yanahitajika, sina ubishi. Ila m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ulioanzia Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenezwa nchini, umeonyesha njia nyingine. Mama au ndugu yake hupiga 115 bila malipo. Kituo cha uratibu huuliza hali ya mgonjwa na kumtafutia usafiri. Gari la wagonjwa likiwa mbali au halipo, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa kwa simu. Mratibu anaweza kuamua haraka kwa sababu vijiji, vituo na madereva vimeshaorodheshwa kabla ya dharura.

"Ikishachorwa, imekwisha."

Kalavati husombwa kwa mvua ya usiku mmoja. Zahanati hupandishwa hadhi ikawa kituo cha afya, dereva huhama na namba yake. Kwa hiyo halmashauri imtaje mtu mwenye jukumu la kusahihisha ramani na kumtengea fedha za kuzunguka kila masika yanapoisha, na dereva aliyekuta njia imekatika atoe taarifa kituo cha uratibu siku hiyo hiyo.