Konje ya baba si zawadi ya patro

Hapa Lubumbashi ukimwambia mwenzako wa kazi unaenda konje, ni kusema likizo ya kazi, juu bibi amezaa, atakuuliza: "konje ya nini, ni wewe umezaa?" Na wengi wanaamini kabisa ni patro (mwajiri) mwenye roho nzuri ndiye anakupatia. Si kweli. Kode ya kazi (sheria ya kazi) ya Kongo ya 2002, artikle 146, inampa baba siku 2 za kazi bibi yake akizaa, imeandikwa, ni haki kama ile ya kufiwa. Mimi kwa mtoto wa kwanza sikujua, nikarudi kazi asubuhi yake bibi akiwa bado mateniti, mpaka leo inaniuma.

Eti mtoto ananyonya, baba atafanya nini? Hii ndiyo inanikasirisha zaidi. Mtoto wa pili, bibi alipasuliwa, na mama mwenye kidonda kile anakatazwa kwa wiki kadhaa kubeba kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe, sasa bido ya lita 20 toka robine (bomba la maji) ya jirani nani ataibeba? Nilibeba mimi, nikachemsha maji, nikamwosha mtoto ndani ya beseni, mkono mmoja chini ya shingo, kitovu bado hakijaanguka, mikono inatetemeka, siku ya tatu ikaacha kutetemeka. Kunyonyesha tu ndiyo sikuweza. Mama mkwe alifika akanikuta nafua nguo za mtoto, akanyamaza kidogo, akasema "endelea, mwanangu".

Wengine: ni mambo ya Wazungu. Vuka mpaka wa Kasumbalesa tu, Zambia tangu sheria yao ya 2019 baba anapata siku 5, na Kenya (nchi, siyo komini yetu ya hapa Lubumbashi yenye jina hilo) ni wiki 2.

Na wale wanaosema bibi anafanya kazi kwa ruhusa ya bwana, hiyo ilikuwa Kode ya famili ya 1987, ikabadilishwa 2016, sasa wote wawili wanasikilizana.

Kuna na wanaodhani konje ya baba haimsaidii mama kazini. Jamani, piga hesabu kama patro: mwanamke akizaa anatoka wiki 14, mwanaume siku 2, basi akitaka kuajiri atamchagua nani? Wiki za mama zisiguswe hata moja, mwili unazihitaji, ni za baba ndizo ziongezwe.

Mtoto wa tatu anakuja mwezi wa tisa. Barua ya siku 2 nimeshaiandika, na konje yangu ya mwaka nimeomba nianze siku ileile zinapoisha.