Dizeli ya mimea: yanayosemwa kwenye kinu cha alizeti na yaliyo kweli

Kila bei ya dizeli inapopanda, mazungumzo kwenye kinu ninachopelekea alizeti yangu, nje kidogo ya mji wa Iringa, huwa yale yale: kwa nini tununue mafuta ng'ambo na huku tumekalia magunia ya mafuta? Swali ni la haki. Tanzania haichimbi mafuta ghafi, na kila lita ya dizeli inayopanda mlima Kitonga kuja Iringa imeshushwa melini. Ila majibu mengi yanayotolewa pale si sahihi, na mengine yameshawagharimu watu mashamba.

“Alizeti ni mafuta, mimina tu kwenye tangi.”

Injini itawaka, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Ni kweli kwamba kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Lakini mafuta ya kula ni mazito kama mara kumi kuliko dizeli. Nozeli, kile kitundu kinachopulizia mafuta ndani ya injini, haiyarushi kama ukungu. Yanatoka matone makubwa, hayaungui yakaisha, na mabaki yake yanagandamana. Fundi mmoja alinifungulia nozeli ya mashine ya kusaga iliyonyweshwa alizeti kwa miezi michache. Ncha yake ilikuwa imefunikwa na kitu cheusi, kigumu kama ukoko wa wali ulioungua.

Dizeli ya mimea yenyewe ni mafuta yaliyobadilishwa. Yanapashwa moto kiasi, yanachanganywa na methanoli, aina ya spiriti ya viwandani, pamoja na kostiki kidogo, ile ya kutengenezea sabuni, kisha yanaachwa yatulie. Glycerini inatuama chini na dizeli nyepesi inabaki juu. Kilo 100 za mafuta zinakula kilo 11 hivi za methanoli na kuacha kilo 10 hivi za glycerini, ambayo inafaa kwa sabuni. Methanoli ni sumu: mtu akiinywa inaweza kumpofusha au kumuua. Kwa kawaida inatengenezwa kutokana na gesi asilia, na mkulima hana pa kuivuna. Tafadhali, mtu asijaribu kazi hii jikoni kwenye sufuria.

“Mashamba yetu yanatosha kuendesha malori yote.”

Tupige hesabu ya shambani. Tuseme ekari moja imekupa kilo 400 za alizeti, na kinu kidogo kikakamua robo ya uzito huo. Hizo ni kilo 100 za mafuta, lita 110 hivi. Lori lenye mzigo likinywa lita 40 kwa kilomita 100, kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, litamaliza lita 320 na ushei. Ekari tatu, msimu mzima wa kulima, kupalilia na kufukuza ndege, zimeteketea kwa safari moja ya kwenda tu. Sasa simama mpakani Tunduma uhesabu foleni ya malori.

Kuna na bei. Lita ya alizeti kwa kawaida inauzwa ghali kuliko lita ya dizeli, na nchi hii bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Kuichoma alizeti safi kwenye injini leo ni kumpokonya mama lishe chupa yake na kumpa dereva kwa hasara.

“Basi tupande mibono, inaota popote bila maji.”

Dhana hii ndiyo inayoniuma. Mbono kaburi tunaujua toka zamani, wa uzio na wa makaburini. Hauli maji mengi na ng'ombe hawaugusi. Lakini kuishi kwenye ukame ni jambo moja na kuzaa ni jingine: ardhi mbovu inakupa mti hai wenye mbegu chache. Mashudu ya alizeti unawapa kuku na ng'ombe, ya mbono ni sumu. Na mti huu hauvumilii jalidi, kwa hiyo atakayekushauri uupande Makete, kwenye milima ya baridi, hajawahi kulala huko mwezi Julai.

Miaka ya 2000 ilipokuwa inaelekea mwisho, kampuni za kigeni zilipewa maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa kwa ajili ya mibono. Miradi ile ilikufa mapema. Huku kwetu hapakuwa na makubwa hayo, ila mjomba wangu aling'oa nusu ya mahindi yake kwa sababu wakala mmoja aliahidi kununua mbegu zote. Mbegu zilivunwa, zikawekwa darini kwenye viroba, wakala hakurudi. Mwaka ule walinunua unga.

“Kuchanganya dizeli ya mimea na ya kawaida ni uchakachuaji.”

Hapana. Mchakachuaji anatia mafuta ya taa kwenye dizeli kwa siri ili aibe. Mchanganyiko halali unapimwa na kutangazwa. Indonesia mwaka 2025 ilifikisha mchanganyiko ambao asilimia 40 yake ni dizeli ya mawese. Jirani zetu Malawi wanatia ethanoli, yaani spiriti ya miwa, kwenye petroli tangu 1982, ingawa hiyo ni ya injini za petroli tu.

“Mmea wowote, mahali popote.”

Chukua chupa ya mawese ya Kyela kwenye joto, ipandishe Uyole kwenye baridi ya Mbeya mwezi Juni, iache dirishani usiku. Asubuhi utaichokoa kwa kijiko. Dizeli yake nayo huanza kuganda kwenye nyuzijoto 15 hivi, na filta ya gari lililolala Njombe itaziba kabla ya jua kuchomoza. Dizeli ya alizeti inastahimili hadi karibu na sifuri.

Wapo wanaosikia haya wakasema basi kitu chenyewe hakina maana. Mimi sikubali. Vibanda vya chipsi vya Mwanjelwa, mjini Mbeya, vinabakiza mafuta meusi ambayo hayafai tena kuliwa. Vinu navyo vina mashapo chini ya matangi. Mafuta ya namna hiyo yana asidi nyingi, na kostiki ikikutana nayo inageuka sabuni badala ya dizeli, kwa hiyo lazima yachujwe, yakaushwe maji na kupimwa asidi kwanza. Kwa kundi la wenye vinu lenye fundi aliyesomea kemia, hiyo ni dizeli ya mashine zao wenyewe za kukamua, na hakuna hata ekari moja ya mahindi iliyong'olewa.