Kusoma maandishi kwenye bunduki za kale za Ugiriki

Anayenadi bunduki ya gumegume kama silaha ya Vita vya Uhuru wa Ugiriki mara nyingi huwa na ushahidi mmoja tu: 1821 iliyochongwa ubavuni. Ni mwaka Wagiriki walipoinuka dhidi ya Waosmani, watawala wao wa Kituruki, na kwa kuwa unajulikana na wengi, kuuongeza kwenye chuma kikuukuu kunapandisha bei. Mimi huuacha kwanza, nikaanza na mengine.

Bunduki hizi ndefu, ambazo Wagiriki huziita kariofili, kwa kawaida hazikutengenezwa na fundi mmoja. Mtutu uliweza kutoka Italia, mtambo wa kuwashia baruti ukaundwa Balkani, kitako kikavishwa fedha na masonara wa Ioannina. Kwa hiyo andishi la mtutuni linatoa habari za mtutu peke yake.

Jina linalopotosha kuliko yote ni Lazarino. Lazarino Cominazzo alikuwa fundi wa Gardone, karibu na Brescia, katika karne ya 17, na mitutu yake ilisifika Ulaya nzima. Sifa hiyo ndiyo iliyowaponza wanunuzi: mafundi wengine waliendelea kuchonga jina lake miaka mingi baada yake, mara herufi zimerukwa, mara zimerudiwa. Ukikuta "LAZARO LAZARINO", usikimbilie karne ya 17.

Kwenye mtambo na mapambo ya fedha tarehe huwa ya Hijria. Chukua ١٢٣٥, yaani 1235: zidisha kwa 0.97, jumlisha 622, unapata takriban 1820. Hesabu kamili inasema mwaka huo wa 1235 ulianza Oktoba 1819. Tarehe ya namna hii haimaanishi kwamba mwenye bunduki alikuwa Mturuki. Soko lilikuwa moja, na silaha nyingi zilitekwa vitani. Fedha ikiwa na tughra, yaani saini rasmi ya kifalme, ya Sultani Mahmud II, basi ilipigwa muhuri kati ya 1808 na 1839. Wagiriki nao waliweza kuandika miaka kwa herufi: ΑΩΚΑ ni 1821.

Zipo pia bunduki za jeshi zilizotoka nje. Taji na GR pamoja na neno TOWER ni za Uingereza, enzi ya wafalme walioitwa George, 1714 hadi 1830. ELG ndani ya duara la yai ni chapa ya ukaguzi ya Liège, Ubelgiji. Ikiwa na taji juu yake, mtutu huo ulikaguliwa 1893 au baadaye, hata muuzaji aape vipi.

Sasa rudi kwenye ile 1821, ushike kioo cha kukuzia. Mchongo wa zamani kingo zake zimelainika, na kutu ya chini yake ina rangi ileile ya chuma kinachouzunguka. Mchongo mpya una kingo kali na hukata katikati ya vishimo vya kutu vilivyotangulia. Nakshi za jirani zikiwa zimefutika kwa kushikwashikwa huku tarakimu zinameremeta, jibu unalo.

Kabla ya yote, hakikisha bunduki haina baruti. Nyingine zimekaa zimeshindiliwa tangu enzi hizo. Ingiza fimbo ya mti mtutuni bila kusimama mbele ya mdomo, weka alama, kisha ipime kwa nje: isipofika karibu na tundu la kuwashia, kuna kitu ndani, mwite mtaalamu. Wala usiisugue kwa msasa. Piga picha kila sehemu peke yake, mwanga ukitoka ubavuni ili herufi zilizofifia zionekane, halafu tuletee.