Usukani wa Eunos Roadster: uiache pawa au uitoe?

Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za mbele zinazoinuka, iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster kuanzia 1989 hadi 1997, ina kilo 950 hivi. Kwa wepesi huo pawa steringi (usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta) si lazima, na kiwandani ilitoka kwa namna zote mbili. Marekani mwaka 1990, gari la bei ya chini lilikuja bila pawa; aliyelipia kifurushi cha A ndiye aliyepata. Toleo la R la mwaka 1994, lililolengwa kwa watu wa mashindano, halikuwa nayo kwa makusudi.

Kwa hiyo pampu ikianza kulia na hosi kuvuja, mwenye gari hujiuliza kama aitoe tu. Msimamo wangu ni huu: ama pawa inayofanya kazi vizuri, ama reki (chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu) isiyo na chembe ya haidroliki, yaani mafuta ya presha, ndani yake. Gari hizi huharibiwa na ile hali ya katikati. Mkanda umekatwa na mafuta yameachwa ndani, au mabomba mawili ya reki yameunganishwa kwa kipande cha hosi, halafu mtu anaamini sasa ana usukani wa kawaida. Hana.

Reki mbili, uwiano tofauti

Reki ya kawaida ya Roadster ina uwiano wa 18:1, mizunguko 3.3 hivi kutoka mwisho hadi mwisho. Reki ya pawa ni 15:1, mizunguko 2.8 hivi. Maana yake, kugeuza magurudumu nyuzi 10 unazungusha usukani nyuzi 180 kwenye ya kawaida na nyuzi 150 kwenye ya pawa. Yenye kasi zaidi ni ya pawa. Mazda waliipa ya kawaida meno ya polepole ili mkono wa dereva upate nguvu ambayo pampu ingetoa.

Ukiichukua reki ya pawa na kuinyima pampu, unabaki na 15:1 bila msaada. Kwa kizuizi kilekile cha tairi, mkono wako unabeba asilimia 20 zaidi ya mwenye reki ya kawaida, kabla ya kuhesabu msuguano wa sili. Barabarani, kuanzia mwendo wa kilomita 20 kwa saa kwenda juu, asilimia hiyo haisumbui, na wengi huipenda kwa sababu gari linaitikia haraka. Kwenye kuegesha utaisikia mabegani.

Kwa nini pawa iliyokufa ni mbaya

Ndani ya reki ya pawa, mti unaotoka kwenye usukani haujashikana moja kwa moja na pinioni, gia ndogo inayosukuma meno ya reki. Katikati kuna kijiti chembamba cha chuma kinachokubali kujisokota kidogo. Kijiti kikijisokota, vali inayokizunguka hufungua njia na mafuta ya pampu husukuma pistoni iliyo kwenye mti wa reki, kushoto au kulia. Huo msokoto mdogo ndio unaoiambia vali dereva anataka nini.

Pampu isipokuwepo, msokoto unabaki bila kazi. Unageuza usukani, kijiti kinajipinda nyuzi chache hadi meno ya usalama yagusane, ndipo gurudumu linapoanza kwenda. Katikati ya usukani unapata mchezo laini, kama mpira, ambao hakuna alaimenti itakayouondoa. Fundi asiyejua ataanza kubadilisha tairodi (fito zinazounganisha reki na magurudumu) ambazo ni nzima.

Pistoni nayo bado imo. Kama kuna mafuta, kila kona unayapitisha kwa nguvu kwenye mabomba membamba, ukipiga usukani haraka unagonga ukuta. Kama umeyamwaga, sili zinasugua kavu, unyevu unaingia na mti wa reki unaanza kutu. Kuunganisha hosi kwenye duara ni sawa kwa kulifikisha gari gereji. Kuishi hivyo miaka, hapana.

Kwanza ujue uzito unatoka wapi

Usukani mzito mara nyingi si kosa la reki. Angalia upepo kwanza: tairi za asili ni 185/60R14 na Mazda waliandika psi 26 mbele na nyuma. Kisha inua mbele yote, weka stendi, zima injini, geuza usukani mwisho hadi mwisho. Uende bila kukwama na bila sehemu ya kukaza. Ukikaza, chomoa tairodi kwenye nako (kishikio cha gurudumu kinachogeuka) na urudie. Uzito ukiisha, boljointi zimekauka au zimeshika. Ukibaki, legeza jointi ya krosi iliyo juu ya pinioni na uzungushe usukani peke yake; krosi iliyoshika kutu hukaza mara mbili kwa kila mzunguko, na dalili hiyo hufananishwa sana na reki mbovu.

Kosa lingine huletwa na spana. Nyuma ya reki kuna kisukumizi chenye springi kinachoibana kwenye pinioni, na nati yake ya kurekebishia iko nje. Meno ya katikati ndiyo yanayolika zaidi. Mtu akikaza nati hadi mchezo wa katikati uishe, pembeni ambako meno ni mazima reki inabana, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Reki iliyofikia hapo imekwisha. Usiendelee kuikaza.

Halafu kuna mambo ya kujitakia. Rimu za asili ni inchi 14 kwa upana wa 5.5, ofseti (milimita kutoka katikati ya rimu hadi inapofungwa) 45. Ukiweka tairi za 205 kwenye rimu yenye ofseti 20, umeisogeza tairi nje ya mhimili wake wa kugeukia. Usukani unakuwa mzito na kila shimo linapiga mikononi. Usukani mdogo wa milimita 330 badala ya 380 unaongeza asilimia 15 ya nguvu inayotakiwa. Jumlisha hivyo viwili na reki iliyotolewa pawa, na gari halifai tena kwa foleni za mjini. Bila pawa, mimi nabaki na tairi ya 185 au 195, ofseti isiyopungua 35, na usukani wa 350 au zaidi.

Ukiamua kubaki na pawa

Huu ndio uamuzi ninaoupendekeza kwa mwenye mfumo mzima. Pawa ya Roadster haina tabia ya kumfanya dereva kiziwi, na hiyo 15:1 ni tamu kwenye barabara ya milimani.

Minya mipira yenye mikunjo iliyo ncha mbili za reki. Ukisikia majimaji ndani, sili za reki zimevuja na reki inahitaji kufunguliwa. Povu kwenye chupa na mlio mwembamba unaopanda na injini ni hewa, mara nyingi kwenye hosi ya kunyonyea iliyokakamaa. Mngurumo usukani ukiwa mwisho kabisa ni vali ya pampu ikipunguza presha. Usiushikilie hapo zaidi ya sekunde 5, mafuta yanachemka.

Mafuta ni ATF (ya gia otomatiki) ya Dexron. Ukiweka ya breki umeua kila sili. Kubadilisha, nunua lita 2. Inua mbele, chomoa hosi ya kurudishia kwenye chupa, ziba tundu lake, ncha ya hosi iingize kwenye kopo. Injini imezimwa, msaidizi ageuze usukani mwisho hadi mwisho taratibu huku ukijaza chupa isikauke, mpaka yatoke mekundu safi. Rudisha hosi, geuza tena mara 10 hivi injini ikiwa imezimwa, ndipo uwashe. Ukiwasha mapema pampu inavuta hewa na unaanza upya.

Ukiamua kuitoa

Pima na uandike urefu wa uzi wa kila tairodi kabla ya kufungua, la sivyo hutafika hata kwa fundi wa alaimenti salama. Weka alama ya rangi kwenye nati ya kisukumizi. Ukishaitoa reki, safisha nje hadi ing'ae, kwa sababu chembe ya mchanga ndani itakula meno.

Fungua kisukumizi, kofia ya chini na nati ya pinioni, kisha toa pinioni na vali yake. Toa mti wa reki. Kwenye pistoni kuna pete ya tefloni na o-ringi chini yake. Zote zitoke, na ukiwa na mkerezaji mzuri aondoe pistoni yenyewe. Sili ya ndani ya silinda nayo itoke. Busha inayoshikilia ncha ya mti ibaki, maana ndiyo inayozuia reki kucheza juu na chini. Njia ya hewa sasa inapita ndani ya nyumba ya reki, na ni lazima ipite: mpira mmoja unapobanwa, wa pili unatanuka. Matundu ya mabomba yazibwe kwa plagi, si kwa silikoni.

Sasa pinioni. Mti wa juu na pinioni vichomelewe pamoja ili ule msokoto uishe. Toa beringi na sili zote kwanza. Tumia TIG (uchomeleaji wa umeme na gesi), vituo vifupi vinavyokabiliana, uache ipoe kati ya kimoja na kingine, la sivyo pinioni inapinda na utapata usukani unaokaza kila mzunguko. Usikate kijiti cha ndani wala meno ya usalama: mchomo ukipasuka siku moja, meno hayo yanabeba na unarudishiwa mchezo, hupotezi usukani. Kwa sababu hiyo nakataa kazi ya mtu anayesema atakereza vali yote na kuunga bomba. Usimpe kazi hii mchomeleaji wa mageti.

Pakaa grisi ya lithiamu kwenye meno yote na mgongo wa reki. Wasa za kufungia tairodi za ndani ziwe mpya, kwa sababu zikishakunjwa mara moja hazishiki tena.

Pampu kwenye gari hili inashiriki mkanda mmoja na kompresa ya AC. Kama huna AC, mkanda huo unatoka wote. Kama unayo, bila pampu hakuna cha kuukazia. Unahitaji kikazio cha Mazda kilichotengenezwa kwa gari zenye AC bila pawa, pamoja na mkanda mfupi. Kitafute kabla hujafungua chochote. Waya wa swichi ya presha iliyo kwenye pampu uuzibe na kuufunga pembeni. Kazi yake ilikuwa kuiambia kompyuta iongeze sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) unapoegesha, na ukigusa bodi injini itabaki na mzunguko wa juu.

Njia fupi kuliko zote ni kupata reki ya kawaida ya kiwandani na kuifunga. Inakaa kwenye nafasi zilezile. Ila kwa sisi wa usukani wa kulia, reki za Marekani zinazojaa mtandaoni hazifai. Tafuta ya Japani au Uingereza, na umwombe muuzaji picha ya meno ya katikati.

Barabara mbovu

Datsun 240Z zilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973 zikiwa na reki zisizo na pawa, na Porsche 911 haikuwa na pawa hadi kizazi chake cha 964 kilipokuja 1989. Lakini 911 ina injini nyuma, mbele ni nyepesi, na madereva wa Safari walikuwa na mikono ya kazi. Kwenye vumbi na mashimo, mafuta ya haidroliki hupunguza kipigo kinachopanda kutoka kwenye gurudumu. Anayeishi mwisho wa barabara ya changarawe nampa jibu moja: tengeneza pawa. Mwenye gari la Jumapili kwenye lami, au la uwanja wa mashindano, atafaidi reki ya kawaida.

Bila pawa, alaimenti inataka uangalifu zaidi. Kasta (mlalo wa mhimili wa kugeukia kuelekea nyuma) nyuzi 4.5 hivi pande zote mbili, kemba (mlalo wa tairi ukiitazama kwa mbele) nyuzi 1 hasi, tou (tairi za mbele kuelekeana) milimita 1 ndani kwa jumla. Kasta ikizidi, gari linatulia kwenye mwendo lakini kuegesha kunakuwa vita. Wenye pawa wanaweza kufika 5.5 bila shida. Kasta na kemba za mbele zinarekebishwa na bolti mbili za kamu kwenye kila mkono wa chini, na kwenye gari la umri huu huwa zimeganda ndani ya busha. Zimwagie mafuta ya kulegezea kutu siku mbili kabla ya miadi, na uzijaribu kwa spana ndefu ukiwa bado nyumbani. Zikigoma, ni kukata na kununua mpya pamoja na busha, na hilo lifanyike reki ikiwa nje.