Takayasu: ugonjwa wa ateri unaoweza kuficha presha ya kupanda

Presha ikisoma 95/60 mkono wa kushoto na 155/90 mkono wa kulia, wengi huilaumu mashine. Rudia kipimo, tofauti ikibaki, mishipa ichunguzwe. Kwa vijana, hasa wanawake walio chini ya miaka 40, mojawapo ya sababu ni ugonjwa wa Takayasu. Jina hilo ni la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, ambaye mwaka 1908 alieleza mishipa isiyo ya kawaida aliyoiona ndani ya macho ya mgonjwa.

Hapa kinga ya mwili huushambulia ukuta wa aota, yaani ateri kuu itokayo moyoni, pamoja na matawi yake makubwa. Ukuta huvimba, hufanya kovu na kunenepa, hata njia ya damu ikawa nyembamba au kuziba kabisa. Sehemu nyingine ukuta hudhoofika na kutanuka, na huweza kupasuka. Ugonjwa hauambukizi.

Mwanzoni dalili hazielekezi kwenye mishipa: homa za mara kwa mara, uchovu, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu ya viungo. Ni rahisi kudhani ni kifua kikuu, na kukipima ni sahihi, ila majibu yakiwa safi uchunguzi usiishie hapo. Baadaye kila ateri huonyesha shida yake. Ikibanwa inayopita chini ya mtulinga, mkono huchoka na kuuma mtu anapoanika nguo au kusuka nywele, na mapigo ya kifundo cha mkono hufifia au kupotea. Zikibanwa za shingoni, huja kizunguzungu, kuzirai, kuona giza, hata kiharusi. Aota ikitanuka karibu na moyo, vali yake hushindwa kufunga vizuri na damu hurudi nyuma.

Ateri ya figo ndiyo yenye hila zaidi. Ikisinyaa, figo hupata damu kidogo na kutoa renini, ambayo huanzisha mfululizo wa kubana mishipa na kuhifadhi chumvi, na presha hupanda mwilini. Lakini mkono ambao ateri yake imebanwa utaendelea kusoma presha ya chini, huku moyo na ubongo vikipigwa na presha kubwa.

Kwa hiyo mgonjwa apumzike dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo, apimwe mikono yote miwili, kisha arudiwe. Kwa kawaida tofauti ya namba ya juu haifiki 10. Ikizidi hapo mara kwa mara, achunguzwe. Mkono unaosoma juu zaidi ndio utumike siku zote, na uandikwe kwenye kadi ya kliniki. Ateri za mikono yote miwili zikiwa zimebanwa, presha ipimwe mguuni, mgonjwa akiwa amelala, kwa mkanda unaolingana na paja.

Vipimo vya damu vya uvimbe, ESR na CRP, husaidia, ila visiaminiwe peke yake: vinaweza kuwa vya kawaida huku mishipa ikiendelea kuharibika. Picha ndizo huamua: altrasaundi kwa shingo, CT au MRI ya mishipa kwa aota na matawi yake.

Matibabu huanza na prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, mara nyingi miligramu 40 hadi 60 kwa siku kwa mtu mzima, kisha dozi hushushwa polepole kwa miezi. Usiiache ghafla: tezi za juu ya figo huwa zimezoea kupumzika, na mwili unaweza kukosa homoni inayohitajika ili kuishi. Ugonjwa hupenda kurudi dozi inaposhuka, ndiyo maana huongezwa dawa za kutuliza kinga ya mwili kama methotrexate au azathioprine. Methotrexate humezwa mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku kumeua watu. Pia inadhuru mimba, kwa hiyo anayetaka kushika mimba aongee na daktari mapema ili abadilishiwe dawa.

Kupanua mshipa au kuupitishia njia mpya kwa upasuaji hufanywa, ikiwezekana, baada ya uvimbe kutulizwa kwa dawa. Mshipa unaofanyiwa kazi ukiwa bado umechachamaa huziba tena kwa urahisi. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, kupoteza kuona, au maumivu makali ya kifua yanayopasua hadi mgongoni hayasubiri siku ya kliniki. Ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.