Mwacheni mtoto amenye vitunguu saumu kwanza

Wiki hii nimeisikia tena, mara ya nne ndani ya siku tano. "Dokta, huyu ana miaka mitatu na nusu na bado hajui kuandika a, wenzie darasani wanaandika mpaka majina." Mimi sio dokta, ni OT wa watoto (occupational therapist, mtaalamu wa tiba kwa vitendo), ila hilo la udokta nilishachoka kulikataa, waniite wanavyotaka. Mama kafungua begi la mtoto katoa daftari. Kurasa nzima ni a za vidoti, mwalimu wa nasari kaviweka kwa peni nyekundu ili mtoto apitishie, na ukurasa wa tatu umetoboka kabisa maana mtoto anashika penseli kwa ngumi na kukandamiza kama anatwanga pilipili. Na hiyo ni homuweki, kurasa 2 kila siku, kwa mtoto anayetoka Mbezi saa 11 na nusu alfajiri kuwahi basi la shule na kurudi saa 9 yuko hoi, afu jioni dada wa kazi anamshika mkono waandike wote.

Nikamuuliza mama, nyumbani huwa anakata makaratasi? Anabandika? Anafinyanga chochote? Akacheka, "hayo si michezo dokta, na mkasi nimeuficha juu ya kabati".

Hapo ndo huwa nachemka. Mtu anaamini mkono unajifunza kuandika kwa kuandika tu, na muda wa kuchezea maboksi ni muda uliopotea. Jamani, mkono wenyewe bado unajengwa! Mtu mzima ana vifupa 8 kwenye kifundo cha mkono, mtoto akizaliwa vyote bado ni gegedu, piga eksirei mkono wa mtoto wa miaka 3 utaona vitatu hivi au vinne ndo vimeshaanza kuwa mfupa, kwingine hakuonekani kitu, na kile cha mwisho, kadogo kama njegere, kinakuja kuonekana mtoto akiwa na miaka kama 9 mpaka 12. Sisemi mifupa ndo sababu pekee, kuna misuli midogo ya kiganja, kuna bega linalotakiwa kutulia, kuna jicho na mkono kuelewana, lakini ukiiona ile picha unaacha kumgombeza mtoto kwamba mvivu.

Afu angalieni herufi yenyewe. Watoto wengi wanaweza kuiga duara wakiwa na miaka 3, msalaba kwenye 4, mraba kati ya 4 na 5, pembetatu kwenye 5 hivi. Sasa a ndogo ni duara ambalo lazima lifunge halafu lishikane na mstari, na k ina mistari miwili ya kulala upande, huyu wa miaka 3 na nusu unamtaka afanye kazi ya mtoto wa miaka 5 kisa jirani. Kushika penseli nako kuna hatua zake, anaanza na ngumi, anakuja vidole vyote vikiangalia chini, ule mshiko wa vidole vitatu unatulia kati ya miaka 4 na 6. Ukimlazimisha kabla anajitengenezea mshiko wake wa ajabu wa kukwepa maumivu, na kuutoa akiwa darasa la pili ni shughuli, niulizeni mimi, nusu ya foleni yangu ni hao.

Kwahiyo afanye nini? Mpe vitunguu saumu amenye. Hiyo ndo dawa yangu, wenzangu kazini wananicheka, ila kile kiganda chembamba kinataka ncha ya dole gumba na ya kidole cha shahada, na ndo vidole vinavyoshika penseli. Mpe mchele kwenye ungo atoe mawe (ukubali atatoa na mchele). Mpe vibanio vya nguo abane soksi zake kwenye kamba, akamue na kitambaa. Mdako tuliocheza sisi, unarusha kokoto juu unachota nyingine shimoni kabla haijatua, ni mazoezi ambayo kliniki nyingine zinatoza hela.

Na hizo kazi za mikono zenyewe ndo usiseme. Boksi la sabuni dukani kwa Mangi unapewa bure, vizibo vya chupa ndo matairi, ukitaka matairi ya maana kata malapa yaliyokatika, njiti za mishkaki ndo ekseli, ila ncha zake kali uzikate wewe kwanza. Mashimo toboa wewe, kusukuma njiti na kupachika vizibo mwachie yeye hata ichukue nusu saa. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano, hauna haja ya kununua. Udongo wa kufinyanga ni unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji karibu kikombe 1, ukande mpaka uache kunata. Una chumvi nyingi kwahiyo sio chapati, anayelamba kila kitu msubirie akue kidogo, na usiuache mbwa akaula. Mkasi, ule butu wa watoto, unaanza na miaka 2 na nusu mpaka 3 kwa kukata ncha tu, kachu kachu, kufuata mstari ulionyooka ni kwenye 4 hivi, duara baadae. Wa kwangu wanaanza na mashina ya mchicha, yanakatika kwa sauti nzuri na watoto wanapenda, wakimaliza mchicha unaenda sufuriani.

Kuna wengine wanasema bila vifaa vya dukani, vile vya seti ya laki kasoro, mtoto hajifunzi kitu. Uongo. Pita kwa fundi cherehani yeyote omba vipande vya kitenge, ondoka.

Na nyie akina baba wa projekti za shule. Mtoto wa chekechea kaambiwa alete nyumba ya maboksi, Jumatatu kinakuja kighorofa chenye taa na geti, kimejengwa na fundi wa mtaani, mtoto mwenyewe haruhusiwi kukigusa. Alama kapata nani? Kibanda kilichopinda chenye gundi imechuruzika ndicho kilichofanya kazi mkononi.

Mkono wa kushoto. Karibu mtu 1 kati ya 10 ni wa kushoto, sio ugonjwa na sio ukaidi. Najua bibi hataki, na kula kwa mkono wa kulia ni adabu yetu, sawa, sigombani na bibi za watu mezani. Kukata, kuchora na kuandika mwacheni atumie anaoutaka. Ila mjue mkasi wa kawaida umetengenezwa kwa wa kulia, akiushika kushoto bapa linaziba mstari na karatasi inakunjika badala ya kukatika, sio kwamba hana akili, mtafutie mkasi wa kushoto.

"Gundi ni gundi." Hapana. Ile ya tyubu ndogo wanayobandikia viatu, super glue, kaeni nayo mbali na watoto. Vidole vikigandana usivute, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni uachanishe taratibu, na usifute kwa pamba, ile gundi ikikutana na pamba inatoa moto mpaka inaunguza ngozi. Ikiingia jichoni ni hospitali. Hata rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti sio ya kuchorea, rangi za hivyo zingine zina risasi na WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa mtoto.

Shanga na maharage kwa walio chini ya miaka 3 pia hapana, chukua lile boksi la duara la katikati ya tishu ya chooni, kitu chochote kinachopita mle kinaweza kumkaba. Harage likiingia puani linavimba kwa unyevu, msilichokonoe nyumbani. Betri za kidonge, za saa na rimoti ndogo, akimeza ni kukimbia hospitali muda huo huo bila kusubiri choo, zinaweza kuunguza koo ndani ya saa 2.

Yule wa Mbezi anarudi Alhamisi. Homuweki nimemwandikia mwalimu kibarua aisimamishe kwanza, sijui kama atakubali. Mama nimemwambia ashushe mkasi juu ya kabati na aje na daftari lile lile la a za vidoti, tutalikata vipande.