Filamu huru si jina la filamu ya bei nafuu

Filamu huru ni ile iliyogharimiwa na kutengenezwa nje ya studio kubwa, ambayo walioitengeneza ndio wenye kauli ya mwisho juu ya hadithi, waigizaji na uhariri. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachohitaji maneno zaidi ni mazoea ya kuita huru kila kazi yenye picha hafifu na bajeti ndogo, kana kwamba ufukara ndio uhuru.

Uhuru huu tangu mwanzo ulimhusu mwenye kushika mamlaka. Mwaka 1908, nchini Marekani, mvumbuzi Thomas Edison na washirika wake walikusanya hataza zao (haki za uvumbuzi) za vifaa vya sinema katika kampuni moja, Motion Picture Patents Company, wakataka watengenezaji na wenye kumbi wafanye kazi kwa leseni yao. Waliokataa ndio walioitwa huru, akiwemo mfanyabiashara wa filamu Carl Laemmle, ambaye mwaka 1912 alishiriki kuanzisha Universal, studio kubwa ya kutosha kuwakera watengenezaji huru wa baadaye. Mtengenezaji wa filamu George Lucas naye aligharimia mwenyewe filamu ya pili ya Star Wars, iliyotoka mwaka 1980. Kwa kipimo cha fedha na mamlaka ilikuwa huru, ingawa gharama yake ilikuwa ya mamilioni ya dola. Kinyume chake, kampuni ya filamu ya Fox Searchlight, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilisifika kwa filamu tulivu zinazobebwa na wahusika, lakini ilikuwa mali ya studio kubwa.

Hata hivyo, uhusiano kati ya uhuru, bajeti ndogo na filamu za namna hiyo upo. Mwigizaji na mwongozaji John Cassavetes aliigiza katika filamu za wengine ili apate fedha za kutengeneza zake, na Faces, ya mwaka 1968, aliipiga kwa sehemu kubwa nyumbani kwake. Asiye na milipuko ya kuonyesha hubaki na nyuso, na asiyeshurutishwa kufupisha anaweza kumwacha mhusika asite, aseme uongo, kisha anyamaze kwa aibu mbele yetu. Mtazamaji huvutwa na hilo, kwa sababu tukio linalofuata linatokana na tabia ya mtu anayemwona, wala si na hesabu ya dakika za kusisimua.

Anayevutiwa na unyofu wa namna hiyo atakuwa sahihi zaidi akisema amependa filamu inayobebwa na wahusika. Neno huru anaweza kuliweka akiba hadi atakapojua nani alilipa gharama, na nani alikuwa na haki ya kukata sehemu za filamu.